Kindi mwekundu wa pwani (Paraxerus palliatus): maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu ukoo wake na anakoishi

Haya ndiyo maswali ambayo watu wanayauliza tena na tena wakishamuona kindi mwenye mkia mwekundu Diani, Jozani, Arabuko-Sokoke au Pugu. Majibu mengine ni marefu kwa sababu mambo yenyewe ni marefu. Ukiona "angalia swali fulani" nenda kasome huko, sitaki kurudia kitu kimoja mara tatu.

## Mambo ya msingi

Huyu kindi ni yupi hasa?

Ni kindi wa mitini, mdogo tu, mwili kama sentimita 20 hivi na mkia unakaribia urefu huohuo. Mgongoni ni kijivu kilichochanganyika na weusi na umanjano kidogo, kama umenyunyiziwa pilipili manga, halafu ukishuka chini unakutana na rangi nyingine kabisa: tumbo, miguu, mashavu na mkia vina wekundu au uchungwa unaowaka. Mkia ndio watu wanaukumbuka. Akikuona anaruka kwenye tawi, anageuka anakutazama, anaanza kuuchapachapa ule mkia huku anatoa sauti kali za kukatakata, na hatanyamaza mpaka uondoke au achoke.

Anatembea mchana. Anakula matunda, mbegu, machipukizi na wadudu, na mbegu nyingine anazifukia chini moja moja sehemu tofautitofauti. Analala kwenye mashimo ya miti. Mitaani utasikia anaitwa kindi, kidiri au kuchakuro, lakini majina hayo wanapewa kindi wa kila aina, kwa hiyo jina peke yake halikwambii ni spishi gani, yaani ni aina gani hasa ya kindi.

Jina la kisayansi ni lipi, na kwa nini la aliyelitoa limewekwa kwenye mabano?

Linaandikwa *Paraxerus palliatus* (Peters, 1852). Wilhelm Peters alikuwa mtaalamu wa wanyama kutoka Berlin aliyefanya kazi Msumbiji miaka ya 1840, na mwaka 1852 akamuelezea kindi huyu kwa mara ya kwanza kitaalamu. Wakati ule alimuweka kwenye jenasi (kundi la spishi zilizo karibu) ya *Sciurus*, ambayo ndiyo ilikuwa kapu la karibu kila kindi wa mitini duniani. Baadaye, mwaka 1893, Forsyth Major akatengeneza jina *Paraxerus* na kindi wetu akahamia huko.

Mabano ndiyo yanayokwambia habari hiyo: aliyemuelezea ni Peters lakini jenasi aliyomuweka mwanzo siyo hii ya sasa. Ukikuta jina la mtaalamu halina mabano maana yake mnyama hajahama jenasi tangu apewe jina. Ni kitu kidogo lakini kinasaidia sana ukisoma vitabu vya zamani ambavyo bado vinamuita *Sciurus palliatus*, usidhani ni mnyama mwingine.

## Ukoo wake

Yuko kwenye kundi gani la wanyama?

Ni mgugunaji, yaani oda moja na panya na nungunungu. Ndani ya wagugunaji yuko kwenye familia ya kindi, Sciuridae. Familia hiyo ina spishi karibu 280 na zaidi kidogo kutegemea na nani anahesabu, na siku hizi inagawanywa kwenye nusufamilia tano. Wetu yuko kwenye nusufamilia ya Xerinae, na ndani yake kwenye tawi la Protoxerini, ambalo ni tawi la kindi wa mitini wa Afrika.

Basi si ndugu wa kindi wa Ulaya na Marekani? Wanafanana sana.

Ni ndugu kwa mbali. Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote kwa sababu jibu lake linashangaza watu.

Mtu anayeishi London au Minneapolis anaona kindi wa kijivu kwenye bustani kila siku, halafu akirudi likizo Kilifi anamuona huyu mwekundu juu ya mwembe na anadhani tofauti ni rangi tu. Wale wa kijivu wa Marekani ni *Sciurus carolinensis*, na kindi mwekundu wa Ulaya ni *Sciurus vulgaris*. Wote wawili wako nusufamilia nyingine, Sciurinae, ileile yenye kindi wanaonyiririka hewani wa Asia, Ulaya na Marekani.

Kwa muda mrefu wataalamu walikuwa wanapanga kindi kwa kuangalia wanaishi vipi, wa mitini huku, wa ardhini kule. Ikaja DNA. Mwaka 2003 Mercer na Roth walichapisha utafiti mkubwa wa jeni za familia nzima, mwaka 2004 Steppan na wenzake nao wakachapisha wa kwao, na picha ikabadilika. Ikaonekana kindi wa mitini wa Afrika ni ndugu wa karibu wa kindi wa ardhini wa Afrika, wale wa jenasi ya *Xerus* unaowaona Tsavo wanakatiza barabara mkia juu, na hata wale marmoti wanene wa milima ya Ulaya na Asia wanaolala msimu wote wa baridi wako kwenye nusufamilia hiyohiyo. Kwa hiyo ukimuweka kindi wa Diani, marmoti wa milima ya Alps na kindi wa bustani za London, ndugu wawili walio karibu ni wa Diani na marmoti. Umbo linalofanana na yule wa London ni umbo la kindi wa mitini tu, na limebaki vilevile kwenye matawi tofauti ya ukoo kwa sababu maisha ya mtini yanalidai.

Kusini mwa Sahara hakuna *Sciurus* hata mmoja wa asili. Wapo wa kijivu Cape Town na maeneo ya karibu, lakini wale waliletwa na Cecil Rhodes yapata mwaka 1900 (angalia swali la kuhamisha kindi huko chini).

Jenasi ya Paraxerus ina spishi ngapi?

Orodha inayotumika sana ina 11, na kwa wasomaji wa Afrika Mashariki wengi wao ni majirani. Wa kwanza kumjua ni *P. ochraceus*, rangi ya hudhurungi yenye umanjano, ambaye ndiye unayemuona bustanini sehemu nyingi za Kenya na Tanzania. *P. flavovittis* ana mistari myepesi ubavuni na anakaa kusini mashariki, Tanzania na Msumbiji. *P. cepapi* ni wa miombo, kuanzia kusini mwa Kongo na Tanzania kwenda Zambia, Zimbabwe na Afrika Kusini. *P. lucifer* ni wa milima ya kusini magharibi mwa Tanzania na kaskazini mwa Malawi, mgongo mweusi na wekundu mkali. *P. vexillarius* wa milima ya Tanzania, *P. vincenti* wa Msumbiji, *P. boehmi* na *P. alexandri* wa kwenye misitu ya Kongo na majirani zake, *P. cooperi* wa milima ya Kameruni, *P. poensis* wa Afrika ya kati na magharibi. Jumlisha wetu, ndio 11.

Nususpishi zake ni ngapi?

Nususpishi ni makundi madogo ndani ya spishi moja, na hapa kila kitabu kina lake. Karne ya 19 na mwanzoni mwa 20 mtu akipata ngozi mbili zenye rangi tofauti kidogo alikuwa anatoa jina jipya, ndiyo maana kuna majina chungu nzima: *tanae* wa mto Tana, *barawensis* wa Barawa kule Somalia, *frerei* wa Zanzibar, *swynnertoni* wa Zimbabwe, *ornatus* wa Afrika Kusini na wengine.

Mimi naona njia nzuri ya kuwaelewa ni kuwagawa makundi mawili kwa aina ya msitu, na wataalamu waliowachunguza kusini mwa Afrika wamefuata njia hiyohiyo. Wanaoishi kwenye misitu yenye unyevu mwingi ni wakubwa na mgongo wao umekoza weusi, tumbo jekundu kabisa. Wanaoishi misitu mikavu na vichaka vya pwani ni wadogo, rangi imepauka, tumbo linaelekea uchungwa au umanjano. Tofauti siyo ndogo: *ornatus* wa msitu wa Ngoye anapita gramu 350, wakati wale wa misitu mikavu ya Msumbiji na mpakani na Afrika Kusini wako kwenye gramu 200 hivi. Ukiwaona wawili hao bila kuambiwa ungesema ni spishi mbili.

Kama ni spishi mbili kweli au moja yenye sura nyingi, hilo ni la kuamuliwa kwa jeni za sehemu zote za pwani, siyo kwa rangi ya tumbo. Kwa sasa wote wanahesabiwa spishi moja.

Kindi wa Swynnerton ni yupi? Naona wanyama wawili wana jina hilo.

Ni kweli wako wawili na inachanganya. *P. palliatus swynnertoni* ni nususpishi ya kindi wetu, alipewa jina na Wroughton mwaka 1908 kutoka msitu wa Chirinda, mashariki mwa Zimbabwe. Lakini jina la kawaida la "kindi wa Swynnerton" wanapewa pia *P. vexillarius*, spishi nyingine kabisa, aliyeelezewa na Kershaw mwaka 1923 kutoka Lushoto, Usambara.

Swynnerton mwenyewe alikuwa mtu mmoja. Alisimamia shamba karibu na Chirinda, akakusanya wanyama na mimea mingi kule, halafu mwaka 1919 akawa mkuu wa kwanza wa idara ya wanyamapori Tanganyika na akafanya kazi kubwa ya utafiti wa mbung'o Shinyanga mpaka alipokufa kwenye ajali ya ndege mwaka 1938. Ndio maana jina lake linakutana na wewe Zimbabwe na Tanzania. Ukiandika habari za kindi hawa weka jina la kisayansi, utawaokoa wenzako.

Na yule wa mlima Namuli?

Huyo ni *P. vincenti*, alielezewa na Hayman mwaka 1950. Anajulikana zaidi kutoka msitu wa mlima Namuli kaskazini mwa Msumbiji, mlima wa mita 2,419. Anafanana na wetu kiasi kwamba mtu anaweza kumhesabu kama kundi jingine la kindi wetu wa misitu yenye unyevu, ila anahesabiwa spishi kamili na yuko kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka, kwa sababu msitu wake ni kipande kidogo na unakatwa.

## Anakoishi

Anapatikana nchi gani?

Kutoka kaskazini kwenda kusini: kusini mwa Somalia, mashariki mwa Kenya, mashariki mwa Tanzania, Malawi upande wa kusini, Msumbiji, mashariki mwa Zimbabwe, na KwaZulu-Natal huko Afrika Kusini. Yaani anafuata Bahari ya Hindi, na pale anapoingia ndani anafuata mito au milima inayopata mvua ya bahari.

Ramani inaonyesha mkanda mmoja mrefu wa rangi. Ndivyo ilivyo?

Hapana, na naomba hili lieleweke vizuri. Ule mkanda ni mipaka ya nje tu, ndani yake kindi yupo kwenye vipande. Msitu wa pwani ya Afrika Mashariki haukuwahi kuwa zulia moja siku za karibuni, ni vipande vilivyotenganishwa na mashamba, nyika, mikoko, mito na miji, na kindi huyu hapendi kukatiza mahali pasipo na miti. Anaweza kuwepo kwa wingi kwenye kaya moja ya Wamijikenda (yaani msitu wao mtakatifu), ukatembea kilomita chache kwenye mashamba ya mihogo na minazi usimuone, ukaingia kaya nyingine ukamkuta tena. Zile kaya, ambazo UNESCO iliziweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2008, nyingine ni vimsitu vidogo sana, vimebaki kwa sababu wazee walikataza kukata mti ndani.

Mwisho wa kusini unaonyesha jambo hili vizuri zaidi. Msitu wa Ngoye uko juu ya vilima KwaZulu-Natal na *ornatus* hana kwao kwingine duniani. Msitu huohuo una ndege wa kijani anayeitwa kwa jina la Woodward, na ndege wa aina hiyo anapatikana Ngoye na sehemu nyingine moja tu: Rondo, mkoa wa Lindi, kusini mwa Tanzania. Angalia umbali uliopo katikati hapo. Maelezo yanayokubalika ni kwamba zamani hali ya hewa ilipokuwa na unyevu zaidi misitu hii iliungana au ilikaribiana, halafu ukame ukaikata, na wanyama wakabaki kila mmoja kwenye kipande chake. Kindi wetu ni sehemu ya hadithi hiyo, ndio maana ana sura nyingi (angalia swali la nususpishi).

Kenya na Tanzania nimtafute wapi?

Kenya: Arabuko-Sokoke, magofu ya Gede, Shimba Hills, Diani, kaya zenye miti mikubwa, na misitu ya mto Tana upande wa chini. Gede ni rahisi kwa mtu anayeanza, maana njia ni wazi na wanyama wamezoea watu.

Tanzania: misitu ya Pugu na Kazimzumbwi jirani na Dar, misitu ya pwani ya Saadani, miteremko ya chini ya Usambara Mashariki, na kusini huko Lindi. Nenda asubuhi jua likishachomoza vizuri, simama, usitembee. Utamsikia kabla hujamuona.

Visiwani yupo?

Unguja yupo, na Jozani ndiko watu wengi wanakomuona. Jina *frerei* alilitoa Gray mwaka 1873 kwa kindi wa Zanzibar. Lakini Unguja ina kindi mwingine pia, *Heliosciurus undulatus*, ambaye yupo hata Mafia, kwa hiyo usimalize haraka (angalia swali la kuwatofautisha).

Mbona Nairobi, Dodoma au Arusha simuoni?

Kwa sababu nyuma ya pwani kuna nyika. Ukitoka Mombasa kwenda Voi unaona mwenyewe jinsi miti mikubwa inavyoisha na miiba inaanza, Taru yote ile ni kavu. Kindi anayetegemea miti iliyoshikana na matunda ya mwaka mzima hapiti hapo. Mijini bara unayemuona ni *P. ochraceus* au mwingine.

Mimi niko Goma / Bujumbura / Kampala, je huyu ni wa kwetu pia?

Si wa kwenu, ila mna wenu wazuri tu. Kwenye milima ya upande huo kuna *Funisciurus carruthersi* na *Heliosciurus ruwenzorii*, kuna *P. boehmi* mwenye mistari mgongoni, na kuna *Funisciurus pyrropus* mwenye miguu ya rangi ya moto. Huyo wa mwisho ndiye anayeleta mkanganyiko, mtu akisikia "kindi mwekundu" anadhani ni huyo. Jenasi tofauti, msitu tofauti.

## Mambo yenye utata

Namtofautishaje na kindi wengine wa pwani?

Anza na mkia. Mkia wa *P. palliatus* ni mwekundu au wa uchungwa karibu wote. Mkia wa *Heliosciurus undulatus* una pete pete nyembamba kutoka shinani mpaka nchani na mnyama mwenyewe ni mkubwa zaidi. *P. ochraceus* hana wekundu, ni hudhurungi-manjano tu. *P. flavovittis* ana mstari ubavuni.

Baada ya mkia angalia mashavu na miguu, maana *H. rufobrachium* naye ana wekundu miguuni na anapatikana sehemu kubwa ya Afrika mpaka Kenya na Tanzania. Picha iliyopigwa jua likiwa nyuma ya mnyama isikudanganye, kila mkia unaonekana mwekundu hapo.

Wangu ana tumbo la manjano, siyo jekundu. Ni mgonjwa?

Hapana, ni mzima. Ni hao wa misitu mikavu, soma jibu la nususpishi.

Nimeona kindi anaruka hewani kama ana mbawa, ni yeye?

Siye. Afrika haina kindi wa kweli wanaonyiririka hewani. Uliyemuona ni wa familia nyingine ya wagugunaji, Anomaluridae, ana ngozi kati ya miguu na magamba chini ya mkia yanayomsaidia kushika gome. Wapo Kongo, Uganda, na hata Tanzania, na wanatoka usiku.

Usiku kuna kitu kinakimbia darini, ni kindi?

Kindi huyu usiku amelala. Huyo ni panya, au kama analia kwa sauti kubwa mtini ni komba.

Nikimkamata wa Diani nikamuachia kwingine kuna shida gani?

Shida ipo kubwa. Kwanza sheria ya wanyamapori, Kenya ya 2013 na Tanzania ya 2009, hairuhusu mtu kukamata bila kibali. Pili ni hilo la vipande: kila msitu una kindi wake waliokaa peke yao muda mrefu, ukiwachanganya umefuta kitu ambacho wataalamu hawajamaliza hata kukisoma. Na mnyama mgeni anaweza kuwaumiza wenyeji, Uingereza kindi wa kijivu walianza kuletwa mwaka 1876 na wamewasukuma wekundu wa asili mpaka wameisha sehemu kubwa ya nchi, kwa kushindania chakula na kwa ugonjwa wa ndui ya kindi ambao wa kijivu wanaubeba bila kuumwa sana.

Yuko hatarini kutoweka?

Kama spishi nzima hayuko, IUCN (shirika la kimataifa la uhifadhi) wamemuweka daraja la wasiwasi mdogo kwa sababu eneo lake ni refu. Lakini daraja hilo ni la spishi yote kwa pamoja na halisemi chochote kuhusu msitu wa kijijini kwako. Mkaa, boriti na mashamba yakimaliza kipande kimoja, kindi wa hapo hawana pa kukimbilia na hakuna wa kuja kujaza nafasi kutoka kipande kingine. Nawaomba sana wanaoandika habari hizi wasichukue lile daraja wakaishia hapo.

Nimemuona mahali ambapo hapajachorwa kwenye ramani. Nifanye nini?

Piga picha tatu: mkia wote, ubavu, na tumbo kama atakupa nafasi. Washa GPS ya simu ili mahali pajirekodi penyewe, andika tarehe, saa, na aina ya msitu, kama ni mkavu au wa unyevu, kama ni kaya, mikorosho au kingo za mto. Halafu pakia kwenye iNaturalist, mtandao wa kurekodi wanyama na mimea watu wanayoiona. Usiandike tu "kindi, pwani". Na kama ulimtafuta mahali siku nzima ukamkosa, hilo nalo liandike mahali, kwa mnyama wa vipande kama huyu kujua hayupo wapi ni habari kamili.